Kisiwa Kabla na Kisiwa Baada: Juu ya Historia Isiyotokea katika Hadithi za Kiswahili

Katika fasihi za Ulaya na Marekani iko aina ya hadithi ambayo tangu Vita vya Pili vya Dunia imepata wasomaji wengi, nayo ni ile inayoshika tukio moja la historia, ikaligeuza, kisha ikafuatia matokeo yake kana kwamba ndivyo yalivyokuwa. Tawi moja la aina hiyo lahusu vita vya atomu. Dola kubwa zapigana, miji yao yateketea, na mahali fulani mbali, katika kisiwa kilichokuwa koloni, watu waamka asubuhi na kuona kwamba simu ya upepo imenyamaza. Hakuna gavana mpya anayeletwa, hakuna meli, hakuna barua. Kisiwa kimekuwa huru bila ya kudai, kwa sababu aliyekuwa akikitawala hayupo tena.

Hadithi ya namna hiyo haijapata bado mahali pake imara katika Kiswahili. Upungufu huu hauwezi kuelezwa kwa kusema kwamba Waswahili hawana visiwa, au hawakutawaliwa, au hawakusikia habari za bomu. Unguja na Pemba zilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, miezi kumi na minne tu baada ya siku zile za Oktoba 1962 ambapo Marekani na Urusi zilikaribia kuangamizana kwa ajili ya kisiwa kingine, Kuba. Katika Unguja yenyewe kilikuwako kituo cha Marekani cha kufuatilia vyombo vya anga. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, kituo hicho kilikuwa kimoja katika vile vilivyopokea habari zake. Wapinzani wa kituo walihofia kwamba mahali pa kutazamia nyota pangeweza kugeuka mahali pa makombora. Kilifungwa mwaka 1964. Basi malighafi ya hadithi ilikuwapo mlangoni, na watungaji hawakuiokota. Kwa nini?

Jambo la kwanza la kuchunguza ni lugha yenyewe, maana huenda mtu akadhani kwamba Kiswahili hakina chombo cha kazi hii. Chombo kipo, na ni kizuri. Wanasarufi wamefundisha tangu zamani kwamba -nge- ni ya jambo liwezalo kufikirika sasa, na -ngali- ni ya jambo lililopita wakati wake. Ashton aliyaeleza hayo katika sarufi yake ya mwaka 1944. Walakini katika vinywa vya watu mpaka huo haukusimama imara, na sehemu nyingine husikika -ngeli-. Lakini sifa kubwa ya chombo hiki haimo katika kutofautisha nyakati. Imo katika kwamba kauli zote mbili, ile ya sharti na ile ya matokeo, huvaa alama moja: angalikuja, ningalimwona. Hakuna upande wa sentensi unaobaki katika dunia ya kweli. Msemaji ahama na mizigo yake yote.

Yawezekana mtu akasema kwamba kitabu kizima hakiwezi kuandikwa kwa -ngali-, kwani msomaji atachoka kabla ya ukurasa wa tatu. Ni kweli, wala hakuna haja. Kiswahili kina -ka-, ambayo haina wakati wake yenyewe bali huazima wakati wa kitenzi kilichotangulia. Tazama sentensi hii: meli ingalikoma kuja, watu wakangoja mwezi wa kwanza, wakangoja wa pili, wakaanza kuulizana ni nani mwenye funguo za ghala. Kitenzi kimoja tu ndicho kilichobeba dhana. Vyote vinavyofuata vyaenda mbele kama masimulizi ya kawaida ya kikongwe jioni, na hata hivyo havikutoka katika lile jambo lisilotokea. Msimulizi ahitaji -ngali- moja na -ka- elfu. Ni lugha chache zinazompa mtungaji wa historia isiyotokea daraja jepesi kama hilo.

Kwa hiyo kizuizi si cha sarufi. Yaelekea ni cha mazoea ya maana. Methali yasema, ningalijua huja nyuma. Na neno laiti halina matumizi mengine ila kusikitika. Katika mazungumzo ya kila siku -ngali- imekuwa ni vazi la majuto. Mtu aisikiapo hungojea kusikia kosa la nani. Hili ni tofauti kabisa na matumizi ya hadithi zinazozungumzwa hapa, ambazo zaitumia dhana kama mwalimu wa hesabu atumiavyo namba ya kudhania: si kwa kuililia, bali kwa kuona itampeleka wapi.

Na mahali ambapo majuto na historia vimekutana kwa ukali ni Unguja hasa. Uhuru wa tarehe 10 Desemba ulidumu siku 33. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi, na tarehe 26 Aprili Muungano na Tanganyika. Kila upande wa habari hizi una lau yake. Lau chama fulani kingalipewa viti kwa kadiri ya kura zake mwaka 1963; lau usiku ule ungalipita kwa amani; lau muungano usingalifungwa, au ungalifungwa kwa namna nyingine. Mtungaji hawezi kuigusa hata moja bila ya kuhesabiwa kuwa amechagua upande. Ndiyo sababu Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), aenda na historia mpaka kwenye Mapinduzi na kuyapokea kama yalivyotokea. Na katika Vuta N'kuvute (1999) arudi nyuma, kwenye miaka ya kupigania uhuru, ambako matumaini bado hayajagawanyika sana. Haini (2003) yaingia katika machungu ya baada ya mwaka 1972, lakini nayo husimulia yaliyokuwa. Kazi hizi ni za mtungaji hodari, na hazikosi ujasiri. Ila hakuna inayojaribu kuigeuza hata siku moja ya historia ili kuona kilicho nyuma yake.

Hapo ndipo dhana ya vita vya atomu, ambayo kwa mtazamo wa kwanza yaonekana kuwa ni mchezo wa watu wa mbali, yaonyesha faida yake. Ikiwa uhuru umekuja kwa sababu nchi tawala imeteketea, hakuna chama kiwezacho kusema, sisi ndio tulioleta. Hakuna shujaa wa kuwekewa sanamu, hakuna msaliti wa kufungwa. Swali la nani aliyeleta uhuru, ambalo limekula karatasi nyingi sana katika Afrika ya Mashariki, laondoka mezani, na mahali pake laketi swali lingine ambalo ni gumu zaidi: mchele uliomo ghalani wagawanywa na nani, kwa kipimo gani, na asiyeridhika apeleke wapi shauri lake?

Hata hivyo watungaji wa Ulaya wenyewe hawakulikabili sana swali hilo. William Golding, katika Lord of the Flies ya mwaka 1954, aliwaweka watoto wa Kiingereza katika kisiwa kisicho na watu wakati wa vita vya atomu, wakajaribu kujitawala na wakaangamizana. Mwishoni afisa wa manowari atokea pwani na kuwachukua. Kitabu hicho kimesifiwa kwa haki, lakini kisiwa chake hakipati uhuru, chapata likizo. Dola ingali hai na meli yake yaja. Nevil Shute, mwaka 1957, aliwaandika watu wa Australia wakingojea sumu ya hewa iwafikie baada ya kaskazini kufa. Hao wamekatiwa muda, na mwenye miezi michache ya kuishi haanzishi baraza.

Kwa Kiswahili, vitabu viwili vyakaribia jambo hili kutoka pande mbili zinazokabiliana, na la ajabu ni kwamba watungaji wote wawili ni watu wa kisiwa kimoja, Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka huo huo, mwezi wa Agosti, mabomu mawili yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki. Kitabu cha Kitereza kilibaki bila ya kuchapishwa muda wa miaka 35, mpaka tafsiri yake ya Kiswahili, aliyoifanya mwenyewe, ilipotolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944, alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991.

Kitereza aandika kisiwa kabla ya Mzungu. Mume na mke wakosa mtoto, wazazi wa mke wamrudisha binti yao nyumbani, mume aenda kumdai na atozwa pombe ya ndizi. Kisha waganga, mimba, mavuno, uvuvi, misiba, arusi. Wahakiki wengine wamelalamika kwamba hadithi hukatizwa kila mara na maelezo ya namna ya kutengeneza hiki na kupika kile. Lalamiko hilo lina haki yake kwa msomaji atakaye mwendo wa haraka. Lakini mtu akikisoma kitabu hicho huku akiwa na dhana ya kisiwa kilichokatikiwa na meli, sura zile zinazochosha zabadilika mara moja. Namna ya kuivisha ndizi na kuzikamua, dawa ipi hutoka mti upi, jirani aitwe vipi kuja kulima na alishwe nini: hayo yote ni elimu ambayo kisiwa kilichoachwa pekee kingalihitaji kuliko katiba. Kitereza hakukusudia hivyo. Alitaka kuwawekea Wakerewe kumbukumbu ya maisha yaliyokuwa yakipotea. Ila matokeo ni kwamba kitabu hiki, bila ya kutaja dola yoyote, chaeleza kwa ukamilifu usiopatikana penginepo namna ambavyo kisiwa cha ziwani kiliweza kujiendesha.

Kezilahabi aandika baada. Katika Mzingile msimulizi apita katika dunia iliyovunjika, ambayo wahakiki wengi wameisoma kuwa ni mabaki ya vita vya nyuklia. Mji hauna jina, nchi haina mpaka, na mwishowe yabakia tumaini katika mwanamume na mwanamke wawezao kuanza upya. Lugha yake ni ya kishairi, fupi na safi. Hakuna aliyeandika nathari ya Kiswahili iliyo tupu kiasi hicho na bado ikashika. Wale waliomlaumu kwa ugumu walikuwa wakimdai mambo ya Rosa Mistika, yaani Ukerewe ya wazazi na shule na pombe, jambo ambalo yeye alikuwa amekwisha kulimaliza. Kichwamaji (1974) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) zilitosha kumwonyesha kwamba historia aliyoiishi haikuwa na mlango wa kutokea. Na Gamba la Nyoka (1979), inayohusu vijiji vya ujamaa, haikumpa mlango huo pia. Katika Mzingile aliamua kuuvunja ukuta wenyewe.

Na hapa ndipo penye kasoro, ikiwa ni haki kuiita hivyo. Kuvunja historia si sawa na kuigeuza. Aigeuzaye hubaki na madeni yake yote: ghala lile lile, mashamba yale yale, wenye mashamba na wasio nayo wakikaa mtaa mmoja. Aivunjaye hufutiwa madeni. Mwanamume na mwanamke peke yao katika dunia tupu hawana haja ya kuulizana nani atawale. Hakuna wa tatu wa kulalamika. Kezilahabi alikuwa mwanafalsafa, na tasnifu yake ya mwaka 1985 katika Chuo Kikuu cha Wisconsin yahusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Si haki kumtaka awe mwandishi wa mambo ya serikali. Lakini msomaji ana ruhusa ya kuona kwamba baina ya kisiwa cha Kitereza ambacho mtawala wa kigeni hajafika, na dunia ya Kezilahabi ambamo watawala wote wamekwisha, pameachwa nafasi tupu, nayo ni nafasi ile ile ambayo watu wa visiwa na wa bara waliishi kweli: siku ya pili baada ya mtawala kuondoka.

Nafasi hii haionekani vizuri kutoka Dar es Salaam. Yaonekana vizuri zaidi ng'ambo ya ziwa, upande wa magharibi, mahali kama Nemba katika wilaya ya Biharamulo. Msomaji wa huko si mgeni katika hadithi za Ukerewe. Kikerewe ni jamaa ya karibu ya Kizinza na Kihaya, na maneno mengi ya Kitereza yatamgonga sikioni kama maneno ya nyumbani. Mapokeo ya Wasilanga, ukoo uliotawala Ukerewe, yasema kwamba mababu zao walitoka Ihangiro, kaskazini tu ya Biharamulo. Tena majembe ya chuma yaliyolimia mashamba ya nchi nyingi za ziwani yalifuliwa na Warongo wa Uzinza, yakasafirishwa kwa mitumbwi. Kisiwa cha Myombekere, kwa ukamilifu wake wote, kililimwa kwa chuma cha ng'ambo. Hili ndilo ambalo hadithi za Ulaya za visiwa vilivyoachwa hulisahau, na ambalo msomaji wa Nemba atauliza kwanza: kisiwa kimekuwa huru, vema, lakini pwani iliyokuwa ikikipelekea majembe ina hali gani? Hakuna kisiwa kisicho na ng'ambo yake. Anayeandika habari za Unguja baada ya dola kuteketea hawezi kuiacha Bagamoyo nje ya kitabu, wala Pemba.

La pili ni zito zaidi. Tarehe 28 Aprili 1994 watu wa Rwanda walianza kuvuka daraja la Rusumo kuingia Ngara, na katika muda wa siku moja hivi walikuwa zaidi ya 200,000. Benaco, mahali palipokuwa na kambi ya wajenzi wa barabara, paligeuka mji mkubwa kwa usiku mmoja. Wilaya za Ngara na Biharamulo ziliona kwa macho kile ambacho watungaji hukiwaza. Nacho hakikufanana na Mzingile. Baada ya maangamizi haukuja utupu, ulikuja umati. Zilikuja kuni kukatwa mpaka vilima vikawa vyeupe, foleni za maji, watoto wasiojulikana wazazi wao. Yakaja mamlaka pia, tena upesi sana: wakuu wa komini waliokuwa wakitawala Rwanda walijipanga kambini pamoja na raia wao, na katika siku za mwanzo chakula cha msaada kiligawanywa kwa kupitia mikono yao, wakiwamo waliokuwa wameongoza mauaji. Dola iliyokufa upande ule wa mto ilifufuka upande huu kabla ya mahema kutosha.

Mtu aliyeyaona hayo, akirudi kwenye ukurasa wa Kezilahabi, hatadharau uzuri wake. Lakini atajua kwamba ukimya ule ni wa mtungaji. Na katika hili dhana ya kisiwa kinachopata uhuru kwa sababu ya bomu yabainika kuwa si ya mchezo. Yataka kuandika umati ule, foleni ile, na yule mkuu wa zamani anayekuja na orodha ya majina mkononi akisema kwamba yeye ndiye awajuaye watu. Je, apewe kazi ya kugawa unga, kwa kuwa kweli awajua, au anyimwe, kwa kuwa kweli awajua? Kitereza hakuwa na swali hilo, maana mtemi wake hakuwa na mshindani kutoka nje. Kezilahabi alilipita juu. Shaaban Robert, ambaye katika Kusadikika (1951) aliweka nchi angani ili asishitakiwe na mtu wa ardhini, alilikaribia kwa njia ya baraza na mashtaka ya Karama. Lakini Kusadikika ina mfalme na sheria zake tangu mwanzo, na kesi yaendeshwa katika nyumba iliyosimama. Nyumba iliyoanguka hakuijaribu.

Wengine watasema kwamba katika mambo ya Unguja hata dhana hii haitamwokoa mtungaji, kwa sababu wasomaji watatafuta ndani yake nani ni nani, kama walivyofanya kwa vitabu vingine. Yawezekana. Hata hivyo kuna tofauti kati ya kitabu kinachosema, mambo yangalikuwa mema laiti wao wasingalikuwako, na kitabu kinachosema, meli ilikoma, wao na sisi tukabaki hapa. Cha kwanza kinahitaji -ngali- katika kila ukurasa, maana kila ukurasa ni lawama. Cha pili chatosheka na ile moja ya mwanzo, kisha -ka- zake zaendelea mpaka kwenye mambo ambayo hata mtungaji mwenyewe hakuyatarajia.

Mtungaji atakayekishika kisiwa hicho atakuwa na sarufi mkononi, atakuwa na Kitereza wa kumfundisha pombe na dawa, na atakuwa na Ngara ya mwaka 1994 wa kumfundisha foleni. Litakalomkabili mapema, kabla hata ya kumpa shujaa wake jina, ni jembe: limefuliwa ng'ambo ipi, limelipiwa kwa kitu gani, na mtumbwi uliolileta umeruhusiwa na nani kutia nanga.